Siri, Faragha na Amana: Suala la Kimaadili katika Kuwaruhusu Watafiti Kuzifikia Data za Majukwaa ya Mtandaoni

1. Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi anapokwenda nyanjani huanza kwa kubisha hodi. Kwa hodi hiyo hukiri kwamba maneno anayoyatafuta yana wenyewe, na kwamba wenyewe wana haki ya kumkaribisha au kumkataa. Fanani akikubali, mtafiti huingia. Akikataa, hurudi alikotoka. Kwa muda mrefu maadili ya utafiti wa lugha na fasihi yamejengwa juu ya uhusiano huu wa watu wawili: mwenye neno na mwenye kulitafuta neno.

Uhusiano huo sasa umeingiliwa na mtu wa tatu. Sehemu kubwa ya utani, malumbano, mashairi ya kujibizana, matusi ya kisiasa na propaganda za uchaguzi hutungwa na kupokelewa katika majukwaa ya mtandaoni kama vile Facebook, YouTube, TikTok na X. Maneno yanayosemwa humo yana wasemaji wake, lakini ghala yanamohifadhiwa lina mwenyewe mwingine, na ufunguo wake umo mikononi mwa kampuni. Fauka ya hayo, kampuni hiyo ndiyo ijuayo mambo ambayo hata msemaji hayajui: ni nani walioonyeshwa maneno yake, kwa nini yalipandishwa mbele ya macho ya maelfu ilhali mengine yalizama, na ni nani aliyelipa ili yapandishwe. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Makala hii inachunguza swali moja: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba mtafiti aingie au asiingie katika ghala hilo? Kwa juu juu swali hili ni la wanasheria, lakini msingi wake ni wa kimaadili. Hoja inayotetewa ni kwamba mjadala wake umevurugwa na kule kuchanganya mambo mawili, yaani siri na faragha, na kwamba dhana ya amana, ambayo ina mizizi mirefu katika fikra za Waswahili, inatoa kipimo kizuri cha kuupima utaratibu wowote wa kutoa ruhusa, ukiwemo ule uliowekwa na Umoja wa Ulaya.

2. Tofauti ya siri na faragha

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Hayana. Faragha ni nafasi ambayo kila mtu anastahili kuachiwa ili aishi bila ya kutazamwa; ni sehemu ya utu wake, na hahitaji kutoa sababu ya kuidai. Siri ni habari iliyofichwa tu. Uzuri au ubaya wake hutegemea ni nani anayefichwa na ni kwa nini. Mwizi ana siri, lakini hawezi kudai kwamba wizi wake ni faragha yake.

Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato mna hadithi ya mchungaji wa Lidia aliyepata pete iliyompa uwezo wa kutoonekana kila alipoigeuza kidoleni. Kwa nguvu ya pete hiyo alimuua mfalme na kuutwaa ufalme. Swali linaloulizwa katika kitabu hicho ni iwapo mtu anayeona bila ya kuonekana anaweza kuendelea kuwa mwadilifu. Majukwaa ya mtandaoni yamevaa pete ya namna hiyo. Yanawaona watumiaji wao kwa undani ambao haujapata kutokea katika historia, ilhali utendaji wao wenyewe hauonekani na yeyote aliye nje. Anayeonekana huhitaji faragha. Asiyeonekana ana siri.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mtafiti daima ni mtu mwema anayezuiliwa na mlinzi mbaya. Historia fupi ya utafiti wa mtandaoni imejaa mifano ya watafiti na mashirika yaliyoikiuka faragha ya watu. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani, kwa manufaa ya watafiti, maswali milioni 20 hivi yaliyoulizwa na watu wapatao 650,000 katika mtambo wake wa kutafutia habari. Majina yalikuwa yameondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na nambari. Katika muda wa siku chache tu waandishi wa habari walimtambua mmoja wa watu hao kwa kuyasoma maswali yake. Mwaka 2008 wanasosholojia walitoa data za Facebook za wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani bila ya kukitaja, na haikuchukua muda kugunduliwa kwamba chuo hicho ni Harvard. Mifano hii inaonyesha jambo ambalo mhakiki wa fasihi angepaswa kulijua kabla ya mwanatakwimu: mtindo wa mtu humtambulisha. Kulifuta jina hakutoshi kumficha mwenye maneno.

Mfano uliovuma zaidi ulifichuka mwaka 2018. Mhadhiri wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan, alitengeneza jaribio la nafsia lililojibiwa katika Facebook na watu wapatao 270,000. Kupitia kwa hao zilichukuliwa pia data za marafiki zao, hata Facebook ikakadiria kwamba walioathirika walifika milioni 87. Data hizo ziliingia mikononi mwa kampuni ya Cambridge Analytica, iliyofanya kazi ya kampeni za kisiasa. Mwaka huohuo mkuu mmoja wa kampuni hiyo alirekodiwa kwa siri na televisheni ya Channel 4 ya Uingereza akijigamba kwamba walishiriki katika kampeni za urais nchini Kenya za miaka ya 2013 na 2017. Jina la utafiti lilikuwa limetumiwa kama ufunguo bandia.

Ni dhahiri basi kwamba mlango usiokuwa na bawabu ni hatari. Linalobaki ni kuuliza bawabu awe nani.

3. Bawabu aliye mshitakiwa

Kwa miaka mingi bawabu alikuwa kampuni yenyewe. Ilitoa ruhusa ilipopenda na kuiondoa ilipopenda. Mnamo Januari 2021 Twitter iliwafungulia wanavyuo mlango wa bure wa kuzifikia jumbe zake za umma, hata za miaka ya nyuma. Mwaka 2023, baada ya kampuni hiyo kubadilisha mmiliki, mlango huo ulifungwa na mahali pake pakawekwa ada ambazo idara nyingi za vyuo haziwezi kuzimudu. Facebook nayo ilikuwa na chombo kiitwacho CrowdTangle, ilichokinunua mwaka 2016, ambacho watafiti na wanahabari walikitumia kufuatilia jinsi habari zinavyosambaa. Kilifungwa tarehe 14 Agosti 2024, na badala yake kikawekwa kingine kinachowafikia watu wachache zaidi. Tasnifu iliyoanzwa kwa ruhusa ya aina hii haina uhakika wa kumalizika.

Ubaya wa mpango huo si usumbufu pekee. Utafiti hupindishwa tangu chanzoni. Mwamba ngoma huvutia kwake: kampuni inayotoa ruhusa huelekea kuyapokea maswali yasiyoigusa na kuyachelewesha yanayoichoma. Mtafiti naye, akijua kwamba kesho atarudi mlangoni palepale, hujifunza kuuliza maswali ya upole. Udhibiti wa aina hii hauachi alama katika makala yanayochapishwa, kwa kuwa hukumu imekwisha kupita kabla ya kalamu kushikwa.

Mwaka 2021 tukio moja liliidhihirisha hatari hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walikuwa wamewaomba watu wajitolee kuweka katika tarakilishi zao programu iliyonakili matangazo ya kisiasa waliyoonyeshwa na Facebook. Watu hao walijua wanalolifanya na waliridhia. Mnamo Agosti mwaka huo Facebook ilizifunga akaunti za watafiti hao, ikieleza kwamba inalinda faragha ya watumiaji kama ilivyoagizwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani. Afisa wa tume hiyo aliiandikia kampuni barua kukanusha kwamba agizo lao lilitaka hivyo. Hapa faragha ilitumiwa kama buibui la kuvalishwa siri. Ridhaa ya watu waliojitolea haikuhesabiwa, na waliofichwa hasa walikuwa watangazaji wa kisiasa pamoja na kampuni iliyopokea fedha zao.

Unafiki wa hali hii unaonekana zaidi ukilinganishwa na utafiti ambao majukwaa huufanya yenyewe. Kwa wiki moja mnamo Januari 2012 Facebook iliyabadilisha yale yaliyoonyeshwa kwa watumiaji 689,003 ili kupima kama hisia za furaha na huzuni huambukizwa kwa maneno. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Chuo cha Kitaifa cha Sayansi cha Marekani. Watumiaji hawakuwa wameulizwa. Ilidaiwa kwamba waliridhia walipoyakubali masharti ya jumla ya kujiunga. Kwa mujibu wa kanuni ya Kant aliyoieleza mwaka 1785, kwamba binadamu asifanywe chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, jaribio hilo lina kasoro kubwa kuliko maombi mengi ya watafiti wa nje yaliyokataliwa kwa jina la faragha. Kesi ya nyani ilikuwa imepelekwa kwa nyani mwenyewe, wala si kwa ngedere.

4. Utaratibu wa Umoja wa Ulaya

Jaribio kubwa la kumwondolea mshitakiwa kazi ya ubawabu ni Sheria ya Huduma za Dijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa Oktoba 2022 na kuanza kutekelezwa kikamilifu tarehe 17 Februari 2024. Kifungu chake cha 40 kinayahusu majukwaa makubwa mno, yaani yenye watumiaji wasiopungua milioni 45 kwa mwezi katika nchi za Umoja huo, pamoja na mitambo ya kutafutia habari yenye ukubwa kama huo. Kanuni za kukifafanua kifungu hicho kuhusu data zisizo za hadhara zilipitishwa Julai 2025 na kuanza kutumika tarehe 29 Oktoba mwaka huo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtafiti haendi kwa kampuni. Huomba kwa mamlaka ya umma iitwayo Mratibu wa Huduma za Dijitali, ambayo kila nchi mwanachama hutakiwa kuwa nayo. Uamuzi hutolewa na mratibu wa nchi ambamo kampuni ina makao yake ya Ulaya. Na kwa kuwa nyingi za kampuni hizi zina makao Dublin, mzigo mkubwa umewaangukia Waayalandi. Mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba anahusiana na taasisi ya utafiti. Kwamba hafungwi na maslahi ya kibiashara. Kwamba ametaja nani anayeugharimia utafiti wake. Kwamba anaweza kuzilinda data na watu wanaohusika. Kwamba data anazoziomba ni za lazima kwa swali lake wala hazizidi kiasi. Na kwamba matokeo atayatoa kwa umma bila malipo. Swali lenyewe sharti lihusu hatari za kimfumo, kama vile zinazozigusa haki za kimsingi, uchaguzi, afya ya umma au watoto. Akiidhinishwa, mratibu ndiye anayeiagiza kampuni itoe data.

Kampuni ina siku 15 za kuomba agizo libadilishwe, na kwa sababu mbili tu: kwamba haina data hizo, au kwamba kuzitoa kutahatarisha kwa kiasi kikubwa usalama wa huduma yake au habari zake za siri, hasa siri za biashara. Hata hapo haiwezi kukataa na kunyamaza. Hulazimika kupendekeza njia nyingine ya kulitosheleza ombi. Mratibu naye ana siku 15 za kuamua. Kwa upande mwingine, mtafiti akionekana amekwenda kinyume na masharti, ruhusa yake huondolewa baada ya kupewa nafasi ya kujieleza. Kwa data zilizo hadharani utaratibu ni mwepesi zaidi, kwa sababu kampuni hutakiwa kumpa mtafiti anayestahili bila ya ucheleweshaji usio na sababu.

Sheria hiyo imeanza kuonyesha meno. Oktoba 2025 Kamisheni ya Ulaya ilitoa maoni yake ya awali kwamba Meta na TikTok hazikuwatimizia watafiti wajibu wao. Tarehe 5 Desemba 2025 iliitoza X faini ya euro milioni 120, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kuwanyima watafiti data za hadharani. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza wa kutoza faini chini ya sheria hiyo.

5. Kipimo cha amana

Je, utaratibu huu ni wa haki, au ni mrefu tu? Hapa ndipo dhana ya amana inapofaa. Katika mila na sheria za jamii za Waswahili, aliyewekewa amana anaishika mali bila ya kuimiliki. Kuishika kunampa wajibu mara mbili: wajibu wa kuilinda isifikiwe na asiyestahili, na wajibu wa kutoa hesabu anapoulizwa. Mwekewa amana anayesema kwamba hawezi kutoa hesabu kwa kuwa anailinda mali ya mwekaji huwa ameugeuza wajibu wa kwanza kuwa ngao ya kuukwepa wa pili. Huko ni kufanya khiyana.

Majukwaa huzungumza juu ya data kama mali yao pale zinapouzwa kwa watangazaji, na kama faragha za watu pale mtafiti anapoziomba. Dhana ya amana haikubali kauli mbili. Maneno ya watumiaji yamewekwa kwao. Faida waliyoichuma kwa kuyapanga na kuyasambaza haiwafanyi wenye neno. Kwa mtazamo huu, utaratibu wa Ulaya una ubora mmoja wa kimsingi. Unatenganisha maswali mawili ambayo zamani yalijibiwa na mtu mmoja: kama mtafiti anaaminika, na kama kampuni iko tayari kuchunguzwa. La kwanza linajibiwa na mamlaka ya umma. La pili haliulizwi kabisa.

Huenda ikapingwa kwamba siri za biashara nazo ni haki, na kwamba anayezilazimisha kampuni kuzifunua anaua ubunifu. Pingamizi hili lina uzito. Lakini siri ya upishi hulindwa maadamu hakuna anayedhurika kwa chakula. Kukiwa na sababu ya kuamini kwamba walaji wanaugua, mpishi hawezi kumzuia mganga asikitazame chungu. Anachoweza kudai ni kwamba mganga asiwe mpishi mshindani, na sharti la kutofungwa na maslahi ya kibiashara limewekwa kwa ajili hiyohiyo.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine. Katika utaratibu huu wote, mwenye neno hayupo. Mtafiti, mratibu na kampuni huandikiana barua. Mtu ambaye maneno yake yatasomwa hajui kwamba hodi imepigwa. Kumwomba ridhaa kila mtumiaji miongoni mwa mamilioni haiwezekani, na ridhaa ya watu wengi kiasi hicho ingekuwa jina tu, kama zile za masharti ya jumla. Hata hivyo, kutowezekana kwa jambo hakuondoi deni lake. Palipokosekana ridhaa pabaki uangalifu: mtafiti asiyeweza kumwomba fanani ruhusa asiyanukuu maneno yake kwa namna itakayomfichua, asimdhihaki, na akumbuke kwamba utenzi uliotungwa kwa marafiki hamsini haukutungwa kwa jarida la kitaaluma, hata kama mlango ulikuwa wazi. Kuonekana hadharani na kusemwa kwa ajili ya hadhara ni mambo mawili tofauti. Hilo ni sharti ambalo halimo katika fomu yoyote, na linamlazimu mhakiki kuliko yeyote, kwa kuwa kazi yake ni kunukuu.

6. Walio nje ya ua

Kasoro ya pili ya utaratibu wa Ulaya inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Data zisizo za hadhara hutolewa kwa ajili ya kuchunguza hatari zilizo ndani ya Umoja wa Ulaya. Kinachoweka mpaka, basi, ni mahali penye madhara. Swali kuhusu chuki iliyosambazwa kwa Kiswahili, Kiamhari au Kisomali katika Afrika halina mahali pa kusimama katika ombi hilo, isipokuwa madhara yake yaonekane Ulaya.

Athari zake si za kinadharia. Desemba 2022 kesi ilifunguliwa dhidi ya Meta katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Miongoni mwa walalamikaji ni Taasisi ya Katiba na mwana wa profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, aliyeuawa Novemba 2021 baada ya jumbe za kumchochea watu kusambazwa katika Facebook. Walalamikaji wanadai kwamba mfumo wa jukwaa hilo ulizipandisha jumbe za chuki wakati wa vita vya Tigray. Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Ikiwa jumbe zilipandishwa au hazikupandishwa ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi, na rekodi za upandishaji huo zimo mikononi mwa mshitakiwa. Mtafiti huru aliyekwisha kuzichunguza data kama hizo angeisaidia haki, iwe kwa kuyathibitisha madai au kwa kuyabatilisha.

Nchini Kenya msingi wa utaratibu kama huo upo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa Serikali, na pia iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa inahitajika kwa kutekeleza au kulinda haki. Katiba imeziweka haki hizo mbili karibu bila ya kuifanya moja adui wa nyingine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ina vifungu vinavyohusu utafiti, historia na takwimu. Aidha, mtafiti nchini Kenya huhitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Kinachokosekana ni kiungo. Leseni humruhusu mtafiti kuuliza, lakini haimlazimishi mwenye ghala kujibu. Na sheria ya data humwonyesha namna ya kuzitunza data akizipata, bila ya kumwonyesha pa kuzipata.

Wanafasihi wa Kiswahili wanaijua hali hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi miaka ya 1840, yaliokolewa na kumbukumbu za wenyeji, hasa Mwalimu Sikujua, kwa ushirikiano na mmisionari William Taylor mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Miswada ikaishia London, na diwani iliyohaririwa na Hichens ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Uhifadhi huo unastahili shukrani. Lakini kwa miongo mingi mtu wa Mombasa aliyetaka kuiona miswada ya mshairi wa mji wake alilazimika kubisha hodi ugenini. Maghala ya leo ni makubwa zaidi, na mabawabu wake hawajawahi kusikia habari za Muyaka.

7. Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba faragha ya mtumiaji na siri ya kampuni ni mambo mawili, na kwamba kila utaratibu unaoyachanganya huishia kumlinda mwenye nguvu kwa jina la mnyonge. Kwa kipimo cha amana, sheria ya Ulaya ni hatua ya haki kwa kuwa imemwondolea mshitakiwa ufunguo; ina upungufu kwa kuwa mwenye neno hayupo mlangoni na kwa kuwa ua wake unaishia kwenye mipaka ya Ulaya. Upungufu wa kwanza utazibwa na uangalifu wa watafiti wenyewe. Wa pili hauwezi kuzibwa kwa kungojea. Mataifa ya Afrika Mashariki, ambayo lugha zao zimo katika maghala hayo sawa na za wengine, yana wajibu wa kuweka bawabu wao wa umma, asiyeteuliwa na kampuni wala kutumiwa na watawala kuwapeleleza raia. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana serikali nayo hupenda kuivaa pete ya yule mchungaji. Sheria itakayoandikwa bila ya kulikumbuka hilo itakuwa imemnyang'anya nyani kesi na kumkabidhi ngedere.